Uzi: Taa za ngazi na korido zinawaka saa 24 bila mtu, ninunue zipi?

Funguo_Kumi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa sita, ngazi mbili, lifti moja. Ngazi na korido kwa jumla zina taa 48, kila taa tyubu mbili za futi nne za wati 36, zile za choki na stata. Zinawaka usiku na mchana. Ngazi ya nyuma haina dirisha hata la dawa, na swichi za korido ziling'olewa zamani kwa sababu kila mtu alikuwa anazima anavyojisikia.

Mwenye jengo anataka bili ishuke. Nimepata ushauri wa watu watatu na kila mmoja anamcheka mwenzake. Wa kwanza anasema toa tyubu, chomeka tyubu za LED za wati 18 mbilimbili, kwisha, zinaishi saa 100,000. Wa pili anataka tung'oe kila kitu tuweke taa mpya zenye sensa kila mahali. Wa tatu anasema taima ya kubonyeza inatosha, mtu akipanda anabonyeza, baada ya dakika mbili zinazima.

Nataka ninunue mara moja, nisirudi kwa bosi baada ya mwaka na kikapu cha taa zilizokufa. Wajuzi tiririkeni.

Handaki

Naweka kambi hapa. Ngazi zetu na pango hazina tofauti.

Mzee_wa_Waya

Mkuu, kabla hujanunua hata skrubu, chukua kalamu.

Tyubu ya wati 36 yenye choki haili wati 36. Ile choki nzito ya chuma nayo inakula wati 8 hadi 10 kwa kazi ya kupasha dari moto tu. Kwa hiyo taa yako ya tyubu mbili iandike wati 90. Taa 48 ni wati 4,320. Mwaka una saa 8,760. Umeshafika uniti 37,843 kwa mwaka, na hapo hakuna ofisi iliyofunguliwa.

Sasa huyo wa tyubu za LED. Wati 18 mara mbili ni 36, mara taa 48, unashuka hadi uniti 15,137 hivi. Si uongo, ni nafuu kubwa. Ila hajakuuliza unahitaji mwanga kiasi gani. Amehesabu matundu ya tyubu akajaza.

Kuhusu taima ya dakika mbili nitakupa kisa, halafu uamue mwenyewe. Nilishawahi kufunga hizo kwenye jengo moja, nikajiona bingwa. Wiki ya pili nikaitwa kukagua feni ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa imegoma, nikapanda na sanduku la vifaa mkono huu na ngazi ya aluminiamu bega hili. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, pap! Giza. Mguu mmoja uko hewani, kitufe kiko ghorofa iliyopita, mikono yote ina mzigo. Nilisimama pale kama kuku aliyefungwa miguu mpaka mtu wa juu alipofungua mlango. Siku hiyohiyo nilizikata zote.

Ngazi haizimwi, mkuu. Inapunguzwa.

Dada_Laksi

Mzee wa Waya umenichekesha, lakini pole.

Mleta mada, nifuate polepole, maana mauzo mengi ya taa yanaishi kwenye pengo la hesabu hii. Kiwango cha Ulaya cha taa za ndani, EN 12464-1, kinataka laksi 100 sakafuni kwenye korido, na laksi 100 kwenye ngazi. Lumeni ni mwanga unaotoka kwenye taa, na laksi moja ni lumeni moja iliyofika kwenye kila mita ya mraba. Marekani, kanuni yao ya usalama wa majengo, NFPA 101, inataka laksi kama 108 kwenye ngazi mpya wakati watu wanazitumia. Basi. Si 300, si 500. Hizo ni za mezani.

Chukua korido ya mita 20 kwa mita 1.8. Ni mita za mraba 36. Laksi 100 maana yake lumeni 3,600 zifike chini. Korido ni nyembamba, mwanga mwingi unagonga ukuta kwanza, halafu kuna vumbi na kuzeeka kwa taa. Mimi kwenye korido ya namna hiyo nakadiria theluthi moja na ushee tu ndiyo inafika sakafuni. Kwa hiyo taa zote kwa pamoja zitoe lumeni 10,000. Una taa nne kwa korido? Lumeni 2,500 kila moja. Taa nzuri ya LED siku hizi inatoa lumeni 120 hadi 150 kwa kila wati. Wati 20 zimetosha.

Si 36.

Tyubu zako mbili za sasa, zikiwa mpya, zinatoa zaidi ya lumeni 6,000 kwa taa moja. Umekuwa ukimulika korido kama chumba cha kushonea nguo. Watu wakizoea wingi huo watalalamika siku mbili za kwanza ukiupunguza, wavumilie tu. Na kama kuta ni za kahawia au kijani cheusi, nunua ndoo ya rangi nyeupe kabla ya taa. Sitanii. Rangi nyeupe inarudisha asilimia 70 hadi 80 ya mwanga unaoipiga, na haitumii umeme.

Funguo_Kumi

Dada, kuta ni za kijani ile ya bweni la shule. Nimekuelewa.

Korido ni taa nne kila ghorofa, sawa na mfano wako. Ngazi nazo taa mbili kila ghorofa kwa kila ngazi.

Dada_Laksi

Hizo za ngazi ziko wapi? Juu ya vipandio au pale inapopinda?

Funguo_Kumi

Moja iko juu ya vipandio katikati kabisa, nyingine pale tambarare. Ya katikati kuibadilisha tyubu ni vita. Tunaegemeza ngazi ya mbao kwenye vipandio, mmoja anapanda, wawili wanashikilia.

Dada_Laksi

Nilijua. Ihamishe. Weka zote kwenye sehemu tambarare, moja kila inapopinda, ukutani juu au darini, mahali ambapo fundi anasimama kwenye sakafu iliyonyooka. Taa ambayo hakuna anayeifikia haibadilishwi ikifa, na hilo halimo kwenye hesabu ya uniti.

Halafu angalia kivuli. Mtu anaposhuka, hatari iko kwenye ukingo wa kipandio. Taa ikiwa nyuma yake tu, mwili wake unaangusha kivuli palepale anapotaka kukanyaga. Mwanga ukitoka pande zote mbili za mteremko, juu na chini, ukingo unaonekana. Na epuka taa zenye vitone vya LED vilivyo uchi. Anayepanda anatazama juu moja kwa moja kwenye taa, kisha anarudisha macho chini haoni kitu. Chukua yenye kifuniko cheupe cha maziwa, upoteze mwanga kidogo, hakuna neno.

Rangi ya mwanga chukua 4000K, nyeupe ya wastani, au 3000K ukipenda uvuguvugu. Zile za 6500K za buluu, korido inakuwa ya mochwari.

Breka_Imeanguka

Nimeona watu wanamsifu LED tu, na mimi nitie neno kuhusu hizo tyubu za kuchomeka. Mkuu kuwa makini sana.

Kuna zinazofanya kazi na choki iliyopo, unabadilisha stata tu unaweka ile ya bandia inayokuja kwenye boksi. Hizo salama, ila choki inabaki inakula wati moja mbili bure, na choki ya miaka kumi na tano nayo ina siku yake. Kuna nyingine ambazo choki inarukwa, umeme wa ukutani unafika moja kwa moja kwenye soketi za tyubu. Hapo ndipo penye mauti. Kesho anakuja kijana mwingine, haambiwi, anaona kasha la tyubu la kawaida anachomeka tyubu ya zamani. Au anachomeka upande mmoja wa tyubu ya LED ya bei chee, mkono umeshika pini za upande wa pili, na saketi haijazimwa. Mimi nilirushwa namna hiyo. Sikufa, ila nilishuka ngazi bila kuzigusa.

Ukilazimika kutumia za kuruka choki, zima breka kwanza, toa choki yote usiiache ikining'inia, tafuta zinazolishwa upande mmoja tu, na ubandike karatasi ndani ya kasha: LED TU, UMEME WA MOJA KWA MOJA.

Lakini kwa taa inayowaka saa 24 mimi ningeng'oa kasha zima. Na tyubu zenyewe zinaondoka sokoni. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa tyubu nyembamba za aina ya T5 na T8, kama zako, Agosti 2023, na nchi za Mkataba wa Minamata wa zebaki zilikubaliana mwaka huohuo kuzimaliza ifikapo 2027. Za kwako zikitolewa zisivunjwevunjwe kwenye pipa la taka, zina zebaki.

Handaki

Na hizo saa 100,000 je? Ni miaka mingapi?

Mzee_wa_Waya

Kwa taa isiyozimwa, 100,000 ni miaka 11 na miezi. 50,000 ni miaka 5.7. Sasa mwulize muuzaji swali moja tu uone jasho: chipu, yaani vile vitone vya LED, zilipimwa kwa muda wa saa ngapi maabara?

Utaratibu uko hivi. Chipu za LED zinapimwa kwa njia ya LM-80, saa 6,000 au zaidi, halafu hesabu ya TM-21 inakuruhusu kubashiri mbele mara sita ya muda uliopima, usizidi. Aliyepima saa 6,000 mwisho wake ni 36,000. Anayekuahidi 100,000 lazima awe amezipima karibu miaka miwili mfululizo. Wapo, ila si yule anayeuza kwenye boksi lisilo na jina.

Na hata hiyo ni umri wa chipu. Ukiona L70 saa 50,000 maana yake mwanga umebaki asilimia 70. Chipu haijafa, imezeeka. Kinachokufa ni draiva, kile kifaa kinachobadili umeme wa ukutani uifae LED. Fungua taa kumi za LED zilizokufa, mara nyingi utakuta chipu ni nzima na ndani ya draiva kuna kapasita imevimba kichwa kama chapati iliyoachwa motoni. Kapasita za namna hiyo, joto likipanda nyuzi 10 umri wake unakatika nusu. Ndiyo maana taa iliyobanwa darini bila pumzi inakufa mwaka wa pili, na pacha wake aliye wazi ukutani anaendelea.

Kwa hiyo ukinunua, tazama mgongo. Bati au aluminiamu ya kutolea joto ipo? Draiva inaweza kubadilishwa peke yake kwa skrubu mbili, au imegandishwa na gundi? Mimi gundi siichukui hata kwa bure. Dhamana ya miaka mitano iandikwe kwamba inahusu taa nzima pamoja na draiva, na matumizi ya saa 24. Hilo neno la mwisho wengi hulikwepa.

Breka_Imeanguka

Ongeza hili: uliza zinaruhusiwa taa ngapi kwa breka moja. Draiva za LED zinavuta mkondo mkubwa sana kwa kufumba na kufumbua zinapowashwa. Umeme ukikatika na kurudi, taa 30 zinavuta kwa pamoja, breka inaanguka, na wewe unafikiri kuna shoti. Karatasi ya draiva huwa inasema ni ngapi kwa B10 au B16, yaani breka ya ampea 10 au 16. Jina langu humu limetokana na hilo.

Mbishi_Halali

Nimesoma yote, na sijaona aliyegusa sensa vizuri. Naomba nibishe kidogo. Sensa zinauzwa kama dawa ya kila kitu. Ukishatoka wati 90 ukaenda 20, umeshakula nyama, umebakiwa na mfupa. Unaongeza kitu cha kuharibika kwenye kila taa ili uokoe wati kumi na kitu? Korido ya ofisi ina watu siku nzima, sensa itakuwa imewaka muda wote. Kuna sensa nilizoona zimekufa na taa zake zikabaki giza. Nani analaumiwa mtu akianguka?

Dada_Laksi

Mbishi, kwa korido nakuunga mkono nusu. Kwa ngazi hapana. Jengo lina lifti. Ngazi ya nyuma inapita watu wangapi kwa siku? Mlinzi, wavuta sigara, na siku ya zoezi la moto. Hapo sensa inafanya kazi saa 22 kati ya 24.

Ila iwe ya viwango viwili vya mwanga: asilimia 100 akiwepo mtu, 20 asipokuwepo. Isizime kabisa. Na ichaguliwe ile ambayo ikiharibika taa inabaki imewaka kamili. NFPA 101 inalazimisha hivyo, na taima ya sensa isipungue dakika 15. LED haiumizwi na kuwashwa na kupunguzwa mara kwa mara kama tyubu, kwa hiyo hilo lisikutishe. Tena ikishuka hadi asilimia 20 draiva inapoa, rudi usome kapasita ya Mzee.

Sensa ni za aina mbili. PIR inaona joto la mwili likitembea, lakini lazima ikuone, haioni nyuma ya kifuniko wala kona. Nayo ni hodari ukipita mbele yake kuliko ukiiendea moja kwa moja, na siku ya joto kali, hewa ikikaribia joto la mwili, inalegea. Mikrowevu inatuma mawimbi ya redio, inafichwa ndani ya taa na inaona kila kinachosogea, ila inapenya plastiki, kioo na ukuta mwembamba. Kwa ngazi za zege mikrowevu ni nzuri. Jaribu hivi: fungua mlango wa ngazi ukiwa umesimama nje. Taa ipande kabla mguu wako haujagusa kipandio cha kwanza. Isipofanya hivyo, imefungwa vibaya.

Mlinzi_Zamu_Usiku

Samahani mabosi, mimi si fundi. Nakaa getini. Umeme ukikatika sisi ndio tunapanda na tochi kuwatoa watu. Hizo taa mpya zina betri?

Mzee_wa_Waya

Kaka umetuaibisha sote, tumeandika kurasa tukasahau.

Mleta mada, baadhi ya taa lazima ziwe na betri ndani, na taa hizo zipelekewe umeme usiozimwa, usiopitia kwenye sensa. Kiwango cha Ulaya cha taa za dharura, EN 1838, kinataka walau laksi 1 katikati ya njia ya kutokea, kwa saa moja. Nusu ya mwanga huo ije ndani ya sekunde 5. Marekani wanataka dakika 90. Ukinunua za kujipima zenyewe zina kitaa kidogo, kijani ni salama. Zisizojipima, bonyeza kitufe kila mwezi, na mara moja kwa mwaka ziache ziwake mpaka muda wake uishe. Mlinzi apewe daftari la hiyo kazi. Yeye ndiye anayezijua ngazi.

Funguo_Kumi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Sikununua zote, nilimwomba bosi ghorofa moja ya majaribio, na mita ndogo kwenye saketi ya korido ile. Taa nne, wiki moja kila hatua.

Tyubu za zamani: uniti 60.
Taa za LED wati 20, bila sensa: uniti 13.5.
Taa zilezile, sensa imewashwa, 20 kwa 100: uniti 5.8.

Kwa hiyo Mbishi alikuwa na hoja, nyama ilikuwa hatua ya kwanza. Bosi kakubali sensa kwenye ngazi zote mbili, korido za ofisi tunaweka za kawaida. Taa 12 zina betri. Za juu ya vipandio zimeshuka kwenye tambarare, na fundi alizifunga peke yake bila mtu wa kumshikilia. Ukuta umepakwa nyeupe ghorofa hiyo tu, watu wa ghorofa ya nne wameshaanza kuuliza zamu yao lini.

Tatizo moja. Kwenye ngazi ya mbele ghorofa ya tatu, taa haishuki. Saa nane usiku inawaka kamili na hakuna mtu. Muuzaji anasema ni mbovu, nirudishe.

Dada_Laksi

Usirudishe bado. Nyuma ya ukuta wa pale kuna nini?

Funguo_Kumi

Ofisi. Ukuta wa jipsamu.

Dada_Laksi

Na feni?

Funguo_Kumi

Nimetoka kuangalia. Kuna feni ya mezani imeegemezwa ukutani kabisa, inazunguka tangu Ijumaa. Nimeizima, dakika 15 baadaye taa imeshuka.

Mzee_wa_Waya

Punguza masafa ya sensa kwenye vile viswichi vidogo ndani, weka asilimia 50. Feni mwachie mwenyewe, kesho ataiwasha tena.